Gregor Mendel, Mtawa Aliyehesabu Njegere

Watoto wetu shuleni husoma majina ya mabingwa wengi wa elimu ya viumbe, lakini ni mara chache huambiwa kwamba aliyeweka jiwe la msingi la elimu ya urithi alikuwa padre na mtawa, mwana wa mkulima maskini, aliyefariki dunia mwaka 1884 pasipo watu kutambua alichokuwa amekivumbua. Jina lake ni Gregor Mendel. Mapadre Weupe walipofika Kashozi, karibu na Bukoba, mwaka 1892, yeye alikuwa kaburini tayari miaka minane, na jina lake lilikuwa limesahauliwa Ulaya kote.

Hata hivyo kazi ya mtu huyu yagusa leo nyumba nyingi za Bukoba na Muleba kuliko wenye nyumba hizo wanavyodhani. Mtoto apimwapo damu hospitalini, Rubya au Kagondo, na wazazi wakaambiwa kwamba ana ugonjwa wa selimundu, hesabu watakayoelezwa na daktari ni hesabu ya Mendel. Kadhalika mume na mke waliokosa mtoto wapandapo gari Bukoba, wakavuka mpaka Mutukula kwenda Kampala kutafuta msaada wa kupandikiza mimba, huenda wakasikia huko habari za kupima vinasaba vya kiinitete kabla ya kukitia tumboni mwa mama. Habari hizo nazo zimetoka katika bustani ya mtawa yule. Basi yafaa tumjue mtu huyu, tupate kujua pia maarifa yake yatumikeje katika nyumba za Wakristo.

Mwana wa mkulima

Johann Mendel alizaliwa mwezi wa Julai mwaka 1822 katika kijiji cha Heinzendorf, katika nchi ya Silesia, iliyokuwa chini ya Kaisari wa Austria. Leo kijiji hicho kimo katika Jamhuri ya Cheki na huitwa Hynčice. Baba yake, Anton, alikuwa na shamba dogo, lakini kwa desturi ya siku zile siku tatu za kila juma hazikuwa zake: ilimpasa kumfanyia kazi bwana mwenye nchi. Wazee wa Buhaya wanaozijua habari za nyarubanja hawahitaji kuelezwa zaidi maana ya maisha ya namna hiyo.

Anton alikuwa fundi wa kuunga miti ya matunda, na mtoto alijifunza kazi hiyo kwa kumtazama. Paroko wa pale, Padre Johann Schreiber, naye aliwafundisha watoto wa kijiji mambo ya miti na viumbe. Waliona kwamba kijana ana akili, wakampeleka shule za mbali, mwisho katika mji wa Opava. Lakini fedha hazikutosha. Wazazi waliweza kulipa nusu tu ya chakula chake, na mara nyingi alisoma na njaa. Mwaka 1838 gogo la mti lilimwangukia baba yake kazini likamvunja kifua, asiweze tena kulima kama zamani. Tangu hapo kijana wa miaka 16 alijitegemea mwenyewe kwa kuwafundisha wenzake.

Alipoingia masomo ya falsafa katika mji wa Olomouc aliugua kwa dhiki na wasiwasi, akarudi nyumbani akakaa muda mrefu. Hapo ndipo dada yake mdogo, Theresia, alipotoa sehemu ya mali aliyowekewa aende nayo kwa mume, akampa kaka yake ili amalize shule. Mendel hakuusahau wema huo. Miaka mingi baadaye aliwasomesha wana watatu wa dada huyo, na wawili kati yao wakawa madaktari. Watu wengi husimulia uvumbuzi wa Mendel na kumsahau Theresia, lakini bila mali ya binti yule wa kijijini huenda uvumbuzi wenyewe usingalikuwako.

Padre aliyeshindwa mtihani mara mbili

Mwaka 1843 Mendel aliingia monasteri ya Mtakatifu Thomas ya Watawa wa Mtakatifu Augustino katika mji wa Brno, akapewa jina la Gregor. Mwenyewe hakuficha kwamba umaskini ulikuwa mojawapo ya mambo yaliyomfikisha mlangoni pale. Mungu huwaita watu kwa njia nyingi. Alipadrishwa mwaka 1847, akapewa kazi ya kuwahudumia wagonjwa na watu walio kufani. Lakini moyo wake ulikuwa mwororo mno: kila alipowaona watu katika maumivu aliugua naye. Abate Cyril Napp, mkubwa wa monasteri, alikuwa mtu wa hekima. Hakumkemea wala hakumlazimisha, bali alimtafutia kazi nyingine, akampeleka kufundisha shule katika mji wa Znojmo.

Wanafunzi walimpenda sana. Walakini ili awe mwalimu kamili ilimpasa kufanya mtihani wa serikali mjini Vienna. Akaufanya mwaka 1850, akashindwa. Na moja ya masomo yaliyomwangusha lilikuwa elimu ya viumbe. Abate Napp hakukata tamaa, akampeleka Chuo Kikuu cha Vienna tangu mwaka 1851 hata 1853. Huko alifundishwa na Christian Doppler, bingwa wa fizikia, na Franz Unger, bingwa wa mimea. Kwa mmoja alijifunza kuyatazama mambo kwa hesabu, kwa mwingine alijifunza maisha ya mimea. Na mbegu hizo mbili zilipokutana kichwani mwake zilizaa kitu kipya. Mwaka 1856 alirudia mtihani, akaugua katikati, asiumalize. Hakujaribu tena. Alifundisha miaka 14 akiwa mwalimu wa kushikilia tu, pasipo cheti.

Bustani ya Brno

Mwaka uo huo wa 1856 alianza kazi iliyomletea sifa. Nyuma ya monasteri kulikuwa na kiwanja cha urefu wa meta 35 na upana wa meta 7, si kikubwa kupita kipande cha kibanja chetu karibu na nyumba. Humo alipanda njegere.

Watu wa zamani walijua vema kwamba mtoto hufanana na wazazi. Sisi nasi husema kwamba maji hufuata mkondo. Lakini jinsi ufanani huo unavyopita kutoka kwa mzazi hata kwa mtoto, hakuna aliyejua. Wengi walidhani kwamba damu za wazazi huchanganyika kama maziwa na maji, hata kila mmoja akapotea ndani ya mwenziwe. Mendel alitaka kujua kwa kuhesabu. Alikusanya aina 34 za njegere, akazijaribu miaka miwili ili ahakikishe kwamba kila aina huzaa iliyo kama yeye, akachagua 22. Kisha akachagua tabia saba zilizo wazi, kama vile punje ya mviringo au yenye makunyanzi, rangi ya manjano au ya kijani, shina refu au fupi. Alilifungua ua moja moja kabla halijakomaa, akatoa sehemu za kiume, akalipaka chavua ya ua la aina nyingine, akalifunika ili wadudu wasiharibu kazi. Kazi hiyo aliifanya miaka minane, na mimea yote aliyoichungua ilikuwa kama 28,000.

Akaona hivi. Alipochanganya njegere za manjano na za kijani, watoto wote wa kwanza walikuwa wa manjano. Kijani kilikuwa kimetoweka kabisa. Lakini alipowaacha watoto hao wazae wenyewe, katika wajukuu kijani kilirudi. Alihesabu punje 8,023: za manjano zilikuwa 6,022, za kijani 2,001. Katika umbo la punje alihesabu 7,324: za mviringo 5,474, zenye makunyanzi 1,850. Kila mara ilikuwa karibu tatu kwa moja.

Basi akaelewa kwamba urithi hauchanganyiki kama maziwa na maji. Kila mmea una vitu viwili vya urithi kwa kila tabia, kimoja kutoka kwa baba na kimoja kutoka kwa mama, nao humpa mtoto kimoja tu kati ya hivyo viwili. Kimoja chaweza kujificha nyuma ya mwenziwe, lakini hakifi. Chaweza kupita kimya kizazi kizima na kutokea tena kwa wajukuu. Vitu hivyo ndivyo tunavyoviita leo vinasaba.

Mendel alijaribu na maharage pia, na hapo mambo hayakuwa mepesi. Ua jeupe na ua jekundu la maharage vilipochanganywa, wajukuu walitoa rangi nyingi kati ya nyekundu na nyeupe. Hakuificha habari hiyo. Aliiandika, akaonyesha kwamba huenda rangi moja yatawaliwa na vitu kadhaa pamoja. Mama wa Muleba apandaye maharage ya rangi mbalimbali chini ya migomba yake anaushika mkononi ushahidi ambao Mendel aliutafuta.

Jambo moja zaidi tulishike, kwa kuwa litatufaa mbele. Mendel hakuhesabu jumla tu, alihesabu pia mmea mmoja mmoja. Akaona kwamba mmea mmoja ulikuwa na punje 43 za mviringo na 2 tu zenye makunyanzi, na mwingine ulikuwa na 14 za mviringo na 15 zenye makunyanzi. Sheria ni moja, lakini haigawi sawasawa katika kila nyumba.

Kifo na ufufuo wa jina

Tarehe 8 Februari na tarehe 8 Machi mwaka 1865 Mendel alisoma habari zake mbele ya chama cha wataalamu wa Brno. Zikapigwa chapa mwaka 1866. Alipata nakala 40, akawapelekea wakubwa wa elimu. Mmoja, Carl Nägeli wa Munich, alimjibu, lakini hakuelewa uzito wa jambo. Waliandikiana miaka kadhaa, na Mendel akajitaabisha na mmea ambao Nägeli aliushughulikia, ua la manjano la porini. Matokeo yakawa kinyume cha njegere. Baadaye sana ilijulikana sababu: mmea huo waweza kutoa mbegu bila kuchavushwa, na watoto wake huwa sawa na mama tu. Sisi watu wa migomba twaelewa upesi. Ndizi zetu hazina mbegu, hupandwa kwa vichipukizi, na kichipukizi ni mama yule yule aliyeota mahali pengine. Mtu atafutaye sheria za urithi wa baba na mama hatazipata katika mgomba wa namna hiyo.

Mwaka 1868 watawa walimchagua awe Abate baada ya Napp, na kazi za uongozi zikamla siku zake. Aliendelea kufuga nyuki na kupima mvua na joto la hewa. Mwaka 1874 serikali ilitunga sheria ya kuzitoza monasteri kodi mpya, naye akaikataa kwa kuwa aliiona si ya haki, akaipinga peke yake hata siku ya kufa. Tarehe 6 Januari 1884, Sikukuu ya Epifania, alifariki kwa ugonjwa wa figo. Katika mazishi yake kinanda kilipigwa na Leoš Janáček, mtunzi mkubwa wa muziki wa taifa lile. Maskini wa Brno walimlilia mfadhili wao. Hakuna aliyejua kwamba wamemzika mvumbuzi, na karatasi nyingi alizoziacha zilichomwa moto.

Mwaka 1900 wataalamu wa Uholanzi, Ujerumani na Austria, Hugo de Vries, Carl Correns na Erich von Tschermak, kila mmoja kwa njia yake, walitoa habari za majaribio yaliyofanana na yale, wakakuta kwamba padre mmoja alikwisha kuyaandika yote miaka 34 kabla yao. Tangu hapo elimu ya urithi ikaanza kwenda mbio.

Sheria ya Mendel kando ya Ziwa

Ugonjwa wa selimundu uliandikwa mara ya kwanza na daktari wa Chicago, James Herrick, mwaka 1910. Damu ya mgonjwa huwa na chembe zilizopinda kama mundu, nazo huziba mishipa midogo na kuleta maumivu makali na upungufu wa damu. Mwaka 1949 ilithibitishwa kwamba ugonjwa huo hufuata sheria ya Mendel. Mwenye kinasaba kimoja cha selimundu ni mzima, hubeba tu. Mwenye viwili ndiye mgonjwa.

Mwaka uo huo wa 1949 kijana aliyekulia Kenya, Anthony Allison, alipima damu za watu wa makabila mbalimbali, akashangaa kuona kwamba wabebaji ni wengi pwani na kando ya Ziwa Viktoria, na ni wachache sana katika nyanda za juu. Mwaka 1954 alieleza sababu: kinasaba kimoja cha selimundu humkinga mtoto asiuawe na malaria. Palipo na mbu wengi, wabebaji walipona na kuzaa, na kinasaba kikaenea. Wilaya ya Muleba inaijua malaria vizuri. Ndiko ulikofanyika utafiti wa vyandarua vya dawa mbili uliolifanya Shirika la Afya Duniani kukubali vyandarua hivyo mwaka 2017. Basi selimundu kwetu si laana ya ukoo wala kazi ya mchawi. Ni alama ya vita vya kale kati ya damu ya wazee wetu na homa ya ziwani. Tanzania imo miongoni mwa nchi ambazo watoto wengi kabisa duniani huzaliwa na ugonjwa huu, maelfu kila mwaka.

Hapa hesabu ya njegere yaingia nyumbani mwetu. Baba na mama wakiwa wote wawili ni wabebaji, kila mtoto ana bahati moja katika nne ya kuwa mgonjwa, mbili za kuwa mbebaji kama wao, na moja ya kutokuwa na kinasaba hicho kabisa. Mambo mawili yafuata. La kwanza, mtoto hapati ugonjwa huu kwa mama tu wala kwa baba tu. Kila mmoja ametoa nusu. Mume amfukuzaye mkewe kwa kuwa amemzalia watoto wagonjwa, na mama mkwe amwambiaye mkaza mwana kwamba ameleta damu mbaya, wote wawili wanasema uongo, hata kama hawajui. La pili, hesabu hii haina kumbukumbu. Wapo wazazi wanaodhani kwamba kwa kuwa mtoto wa kwanza ni mgonjwa, watatu wanaofuata watasalimika. Si hivyo. Kila mimba yaanza upya na moja yake katika nne. Nyumba moja yaweza kuwa na watoto saba wazima, na jirani yake akauguza watatu kati ya wanne, kama ile mimea miwili ya Brno.

Swali la siku zetu

Maarifa yakiwa mikononi mwa wanadamu huweza kujenga na kubomoa. Baada ya mwaka 1900 walitokea watu waliotaka kuitumia sheria ya Mendel kuchagua wanadamu kama mkulima achaguavyo mbegu. Katika Marekani zilitungwa sheria za kuwahasi watu walioitwa dhaifu, ya kwanza mwaka 1907. Baba Mtakatifu Pius XI alilaani mambo hayo mwishoni mwa mwaka 1930. Ujerumani ilitunga sheria yake mwaka 1933, na watu kama 400,000 wakahasiwa kwa nguvu. Kisha wakaanza kuuawa wagonjwa na vilema, hata Askofu von Galen wa Münster akasimama hadharani mwaka 1941 kulipinga.

Siku hizi mambo huja kwa sura ya upole, na wayaombao ni wazazi wenye uchungu, si watawala wakatili. Mtoto wa kwanza aliyetungwa mimba nje ya tumbo alizaliwa Oldham, Uingereza, mwaka 1978. Mwaka 1990 walizaliwa London watoto wa kwanza ambao viinitete vyao vilipimwa kabla. Mwaka 1999 madaktari wa New York walieleza habari za wazazi wabebaji wa selimundu waliopata mapacha wasio na ugonjwa kwa njia hiyo. Katika Afrika ya Mashariki upandikizaji wa mimba ulizaa matunda Kampala mwaka 2004, na Nairobi mwaka 2006.

Kazi yenyewe hufanywa hivi. Mama hupewa dawa, mayai kadhaa hutolewa, hutungishwa mimba katika chombo, na baada ya siku kama tano chembe chache huchukuliwa kwa kila kiinitete zikasomwe. Kilicho kizima hutiwa tumboni au huhifadhiwa katika baridi kali. Kilicho na ugonjwa hutupwa. Kama wazazi wote ni wabebaji, kwa wastani kimoja katika kila vinne kitatupwa, na sheria tatu kwa moja aliyoipata mtawa yule ndiyo huwa hukumu.

Tusiwacheke watu wayatafutao haya. Mama aliyekesha usiku mwingi akimshika mtoto anayelia kwa maumivu ya mifupa, kisha akamzika, hana haja ya kuhubiriwa na mtu ambaye hajakesha. Wala watoto waliozaliwa kwa njia hiyo hawana upungufu wowote. Ni watoto wa Mungu, nao hubatizwa kama wengine. Lakini Kanisa, katika waraka wa mwaka 1987 na tena katika ule wa mwaka 2008, limefundisha kwamba kiinitete kistahili heshima ya mtu tangu kutungwa kwake, na kwamba hairuhusiwi kukipima kwa nia ya kuamua kiishi au kitupwe. Kosa haliko katika kujua. Kosa liko pale ujuzi unapogeuka kuwa mlango ambao wengine huruhusiwa kupita na wengine hufungiwa. Mkulima aweza kuchagua mbegu, kwa kuwa mbegu ni mali yake. Mtoto si mali ya wazazi wake, wala ya daktari.

Jérôme Lejeune, daktari Mkatoliki wa Paris, aliiona hatari hiyo kwa macho yake. Mwaka 1959 alitangaza pamoja na wenzake chanzo cha ugonjwa ambao mtoto huzaliwa nao akiwa na kromosomu moja zaidi, akitumaini kwamba njia ya kuutibu itapatikana. Akaona watu wakitumia ujuzi huo kuwatafuta watoto hao tumboni ili wasizaliwe. Aliwatetea mpaka alipofariki mwaka 1994.

Na Mendel mwenyewe? Mwaka 2021, miaka 200 ya kuzaliwa kwake ilipokaribia, mifupa yake ilifukuliwa Brno kwa ruhusa ya watawa, na vinasaba vyake vikasomwa. Wataalamu walikuta ndani yake alama za urithi zinazohusiana na maradhi ya moyo, kisukari na figo. Tujiulize, ndugu zangu. Kama Anton na Rosine wangalikuwa na kipimo chetu mwaka 1821, wakaonyeshwa orodha ya kasoro za kiinitete kile, na pembeni wakawekewa kingine kisicho na kasoro, wangalichagua kipi? Orodha ingalisema kweli, maana kwa figo ndiko alikofia. Lakini isingalisema neno lolote juu ya bustani ya njegere. Watahini wa Vienna nao hawakuwa watu wabaya. Walipima kilichopimika, wakamkosa mtu.

Yatupasayo kufanya

Basi tusiseme kwamba tumebaki mikono mitupu. Kuna mambo ambayo ujuzi wa Mendel watupa na dhamiri haiyakatazi. Vijana wanaotaka kuoana wapimwe damu mapema, kabla matangazo ya ndoa hayajasomwa kanisani na kabla mahari haijapelekwa, ili wayajue mambo yao wakiwa huru. Wakikuta kwamba wote wawili ni wabebaji, Kanisa haliwazuii kuoana wala haliwalazimishi. Waamue kwa sala na shauri jema, wakijua mzigo uwezao kuja. Mtoto mchanga wa nyumba yenye ugonjwa huu apimwe mapema, apewe chanjo na dawa za kinga, alale katika chandarua, asikose kliniki. Dawa ya haidroksiurea hupunguza maumivu na kurefusha maisha, na ni wajibu wa sisi sote kudai ifike katika hospitali za wilaya kwa bei ambayo mkulima wa kahawa aiweza. Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ilianza mwaka 2023 kuwatibu watoto wa selimundu kwa kupandikiza uloto, na mwaka uo huo Uingereza na Marekani zilikubali tiba ya kurekebisha kinasaba chenyewe. Tiba hizo bado ni ghali mno, lakini hizo ndizo njia zimwondoazo ugonjwa mgonjwa, na si zimwondoazo mgonjwa.

Yabaki jambo moja lisilohitaji fedha nyingi. Katika kila kigango chetu iko nyumba yenye mtoto wa selimundu, na mara nyingi mama yake yu peke yake, mume amekwenda zake, majirani wananong'ona. Mendel alihesabu zile punje 1,850 zenye makunyanzi kwa uangalifu ule ule aliozihesabia za mviringo. Angalizitupa, asingaliijua kweli. Jumuiya Ndogo Ndogo ziende nyumba hizo, zimsaidie mama kwa nauli ya kliniki, zimkumbushe baba kwamba nusu ya urithi ule ni yake, na zimhesabu mtoto yule pamoja na wengine.